Mwonjaji wa Vitumbua vya Mama

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanza bila salamu ungenikunjia uso hata huko uliko.

Hapa Ruhembe hatujambo. Ule mmea wako wa kutambaa, gurmar, aliokupa yule Mhindi mwenye duka kule Kilosa uliposema una kisukari, sasa umefika juu ya paa la jiko. Bado nacheka. Mtu amekata miwa maisha yake yote, halafu daktari anamkataza sukari! Vidonge vya kliniki hukuviacha, na kila alfajiri ulitafuna jani lako.

Mtihani ulikuwa Mama. Tangu tukuzike hakukaanga kitumbua hata kimoja. Wateja wake wa stendi waliulizia mpaka wakachoka, naye jibu lake lilikuwa moja: "Nani ataonja?" Maana kila asubuhi ulimega kipande, ukafumba macho, ukasema, "Sukari imetosha, Mama Zuhura," ndipo akatoka kuuza. Sasa alikuwa anakaa tu, hata redio hawashi. Niliogopa, Baba. Niliogopa na yeye atatuacha.

Siku ya arobaini yako nikasema nitakaanga mimi. Asubuhi ile nilikukumbuka mno, nikachuma jani lako nikalitafuna. Chungu hilo! Kisha nikaonja rojo la vitumbua: halina sukari. Nikaongeza. Nikaonja, bado. Nikaongeza tena, huku nikiilaumu sukari ya dukani.

Wageni walipouma, Shangazi wa Masanze alitoa macho akauliza kama nimewakaangia miwa. Watu wakaangua kicheko, kwenye arobaini! Mama akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia. Wote tulijua lile jani ni dawa ya sukari. Hakuna aliyejua kwamba linaua utamu mdomoni. Akaenda kuchuma la kwake, akatafuna, akauma kitumbua.

"Mchanga," akasema. "Kumbe baba yako alikuwa haonji kitu!"

Alicheka mpaka akajifunika kanga usoni, na mabega yakaendelea kutikisika muda mrefu. Sijui kama kilikuwa kicheko kitupu. Alipojifunua alisema, "Basi mkono wa kupima sukari ulikuwa wangu mwenyewe siku zote." Kesho yake, kabla ya adhana, mafuta yalikuwa motoni.

Ulitafuna kwanza ili usiusikie utamu na kipande kimoja kikutoshe, sivyo? Mjanja wewe. Nimekupenda upya.

Nilijitolea kurithi kazi yako ya kuonja, Mama akasema nitamfukuzia wateja. Sasa anakutaja kutwa nzima, bila machozi. Anasema mkionana huko una kesi ya kujibu.

Lala salama, Baba. Nakuahidi nitamtunza vizuri, ili kesi hiyo ichelewe sana kuanza.

Mwanao,
Zuhura