Beseni Bado Liko Miguuni Pangu

Jumapili, Aprili 1996. Migori. Wingu zito tangu asubuhi, na mvua haitaki kushuka.

Kuna jambo nimelificha kwa miaka minne. Nimelificha hata humu daftarini, ambamo hakuna anayesoma ila mimi. Leo nitaliandika, kwa sababu pumzi inanikatika hata nikiwa nimekaa, na miguu imejaa maji mpaka ngozi inang'aa.

Alhamisi binti yangu Akinyi alinipeleka hospitali, kule Homa Bay. Mshale wa mizani uligota mwisho. Daktari, kijana mpole, hakushtuka.

"Uzito nimeuona, mzee. Sasa nataka kujua unakuzuia kufanya nini."

Akaanza kuuliza, na kila swali lilikuwa na majibu matatu: bila shida, kwa shida, siwezi kabisa. Kuinuka kitini? Kwenda choo? Kuosha miguu?

Bila shida. Bila shida. Bila shida.

"Na soksi, unavaa mwenyewe?"

"Navaa."

"Hebu vua moja nione mguu."

Nikamwambia nasikia baridi.

"Baridi, Baba?" Akinyi akadakia. "Homa Bay hii? Hata mbuzi huko nje wanagombania kivuli!"

Daktari akacheka. Nami nikacheka kwa sauti, kama nilivyokuwa nikicheka na wageni wa shule, swali likapita. Akinyi hakucheka. Soksi hizo alinivalisha yeye asubuhi ile, akiwa amepiga magoti. Daktari akasema asiyejiweza angemlaza, lakini mimi, kwa majibu yangu, najiweza. Tukarudi nyumbani na vidonge.

Hapa kwetu mwili kama wangu ni heshima. Nilipokuwa mwalimu mkuu, wazazi waliliangalia tumbo langu wakaona shule iko salama. Kilema ni yule wa magongo pale sokoni. Mtu mnene ameshiba tu. Kanisani walinitengenezea kiti kipana, na hakuna aliyeuliza nakiinukaje.

Lakini sisi Wasabato tuna kipimo chetu. Kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, tunatawadhana miguu, wanaume wawili wawili. Mmoja anakaa, mwenzake anapiga magoti mbele ya beseni, kisha wanabadilishana. Mwenzangu tangu ujana ni Zablon, seremala, mzaliwa wa Karungu. Anayekwepa kumwosha mwenzake, watu husema ana kinyongo naye.

Miaka minne iliyopita nilijua kwamba nikipiga magoti sitainuka. Ningenyanyuliwa na wanaume wanne, kama ng'ombe aliyezama kwenye tope, mbele ya watu niliowafundisha kusoma. Nikabaki nyumbani. Robo iliyofuata pia.

Zablon akaja. "Japuonj," akasema, maana huniita mwalimu kwa Kijaluo chetu, "nimekukosea nini?"

Ningeweza kumwonyesha magoti yangu. Nilimwambia, "Jiulize mwenyewe."

Akaenda, akajiuliza. Akarudi akilia. Aliamini namchukia kwa kuwa hakufika kwenye mazishi ya mke wangu; alikuwa Ntimaru kutafuta mbao, na habari ilimfikia tukiwa tumeshafukia. Sikuwahi kumlaumu kwa hilo hata siku moja. Lakini alikuwa ameniletea sababu nzuri kuliko yangu, nikaipokea.

"Nimekusamehe," nilisema.

Na robo iliyofuata sikwenda tena.

Watu wakaanza kunong'ona. Mwalimu hawezi kununa bure, walisema, lazima Zablon alifanya kubwa zaidi. Zablon, aliyekuwa mzee wa kanisa, akajiuzulu mwenyewe. Nilisikia, nikanyamaza.

Leo baada ya chakula cha mchana amekuja. Amekonda. Alibeba beseni lake na taulo begani.

"Omera, ndugu yangu, mmoja wetu anaondoka," akasema. "Sitaki kusimama kaburini kwako kama adui."

Akapiga magoti. Yalilia kama bawaba kavu. Akaniosha miguu polepole kwa sababu ya uvimbe, akapitisha maji katikati ya vidole ambavyo sijaviona kwa miaka. Akanikausha. Kisha akavuta stuli, akavua viatu, akaweka miguu yake kando ya beseni.

Akangoja.

Nilishika mikono ya kiti. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Tumbo lilifika kwanza, pumzi ikakatika, na sakafu ikabaki kulekule iliko. Nikaegemea nyuma nikafumba macho, ili aone namkataa asije akaona nashindwa.

Nilisikia akivaa viatu.

"Haya, Japuonj. Basi nenda nacho kinyongo chako."

Akatoka. Beseni hakulichukua.

Maji yamepoa, na siwezi hata kulisogeza. Nikifa wiki hii, rafiki yangu atazeeka akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Nani atamwambia? Mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Akinyi ameingia sasa hivi. Amesimama mlangoni, analiangalia beseni.

"Baba, Mzee Zablon yuko pale langoni, ameshika nguzo, analia. Bado tu una hasira naye?"

Nimeinua kidole, anisubiri. Naandika jibu hapa kwanza, nione kama mkono utathubutu pale mdomo uliposhindwa. Kisha nitampa ukurasa huu aukimbize langoni.

Sina kinyongo na Zablon. Sijawahi kuwa nacho.

Kuinama siwezi.

Siwezi kabisa.