Bega la Kushoto Linataka Mtu

Chumba cha Mwisho,
Nyuma ya Duka la Rangi.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu nyingi kama nywele za kichwa, chako lakini, maana changu kimeshakuwa uwanja. Hujambo? Mkeo hajambo? Na mdogo, meno yameshatoka? Mimi mzima wa chuma, isipokuwa shingo.

Si ugonjwa mkubwa. Ni miaka thelathini ya kupaka dari za watu, kichwa nyuma, mkono juu. Unajua ile dari ya ukumbi niliimaliza kabla chai yangu haijapoa, na tone halikuanguka, muulize mama yako. Sasa misuli imekaza kuanzia sikioni mpaka begani. Mtu akiniita kwa nyuma nageuka mwili mzima kama kabati linahamishwa.

Nikaenda hospitali kwa mtaalamu wa viungo. Nilitegemea sindano, kumbe yeye ana vidole tu. Mwanamke mwembamba, lakini aliponikandamiza niliona nyota mchana. Sikulia. Machozi yalitoka yenyewe.

Akaniuliza, "Mzee, nyumbani unaishi na nani?" Nikamjibu wamejaa, wengine wanalala jikoni. "Vizuri. Ijumaa njoo na mmoja, nimfundishe kukushikilia bega wakati unainamisha shingo."

Basi nikamchukua kinyozi wangu, nikamwambia leo wewe ni mdogo wangu. Tukafika. Mtaalamu akamuuliza, "Kaka yako hulalia mito mingapi?" Kinyozi akanitazama, akamtazama. "Dada, mimi huyu namnyoa ndevu tu."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kaniumbua kinyozi.

Mtaalamu hakucheka, na heri angecheka. Akanifundisha kukalia kiganja ili bega lisipande, kisha nivute shingo polepole nikihesabu mpaka thelathini. Nafanya asubuhi na jioni. Nahesabu kwa sauti, maana siku nyingine hiyo ndiyo sauti pekee humu ndani.

Wiki ya tatu hii, mkono bado haupiti sikio. Amesema peke yangu nitapona kwa mwendo wa konokono. Na mwenye duka hili la rangi, anayenipa kazi, amesema mwezi ujao dari atampa fundi mwingine.

Tangu mke wangu atutoke sijamwomba mtu kitu. Leo naomba. Njoo wiki mbili tu unishikilie bega. Kitanda kipo, ni chako. Ukishindwa, usihangaike na sababu, niandikie tu kwamba barua umeisoma.

Msalimie mkeo, mbusu mdogo. Mama yako mwambie naendelea vizuri sana, na habari ya kinyozi isimfikie. Mungu akufungulie njia, popote utakapoelekea.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda, na hilo sijaliongezea chumvi.