Usiiguse Hata Kuisogeza

Gnadenort, Manitoba
9 Aprili 1944

Kwako mwanangu Kornelius,

Pokea salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila kiuno cha mama yako kinamsumbua tangu theluji ya mwisho, na mimi ni mzima wa kutosha kugombana na watu. Wewe huko Uingereza u hali gani? Wanakulisha vizuri?

Jambo lako limeshasemwa kanisani. Mzee Thiessen amekuondoa katika orodha ya washirika kwa kuwa umevaa magwanda ya jeshi. Nilisimama, mimi shemasi wao wa miaka kumi na tisa, nikawaambia kijana kaenda kubeba majeruhi, hakwenda kuua. Mjomba wako Jakob akaruka: "Abram, unamponya mtu ili kesho akaue tena. Hiyo nayo kazi gani?" Nikamwambia akae chini, kelele zake tumezizoea.

Baada ya mvutano wamekubali kitu kimoja. Vita vikiisha, ukaweza kusimama mbele yao ukasema hukugusa silaha, watakupokea tena, na utakaa nasi kwenye Meza ya Bwana. Kwa hiyo nisikilize vizuri. Bunduki usiiguse. Sisemi kupiga tu. Usiiguse hata kuisogeza kutoka kitandani kwenda sakafuni. Mwenzako akikuomba umshikie afunge viatu, mwambie aiweke chini. Amri imesema usiue, nasi babu zetu walihama nchi tatu kwa ajili ya neno hilo moja, hatutalipunguza kwa ajili yako. Niandikie ahadi hiyo kwa mkono wako, niwaonyeshe.

Mama yako anasema uvae soksi mbili mbili.

Baba yako,
Abram Loeppky


Uingereza
2 Julai 1944

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na chakula kipo ila hakina ladha. Mwambie Mama pole ya kiuno, na soksi navaa.

Ahadi hii hapa: mimi Kornelius Loeppky sitagusa silaha, hata kuisogeza. Waonyeshe, na Mjomba Jakob mwonyeshe mara mbili.

Kuna shida ndogo, lakini imepata dawa. Sheria ya kazi yetu ni kwamba majeruhi, awe wetu au wa adui, anapekuliwa kwanza na kuondolewa silaha ndipo abebwe. Mwenzangu wa machela ni Armand Lussier, Mfaransa wa kwetu huko huko, ng'ambo ya mto. Mama yake ni mjane, na Armand ndiye mwanawe pekee. Nilimweleza ahadi yangu nikidhani atanicheka, na kweli alinicheka siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Haya mtakatifu, tugawane. Wewe shika miguu, mimi nitashika dhambi." Tangu hapo, hata huku mazoezini, yeye ndiye anayepekua. Tukimfikia mtu, mimi nafunga jeraha, yeye anatoa bunduki, kisu, bomu, kila kitu. Ni mtu mwema sana, Baba, ingawa anatukana kama hana mama.

Tunavuka bahari karibuni. Tuombeeni.

Mwanao,
Kornelius


Uholanzi
9 Oktoba 1944

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sina jeraha.

Armand amekufa. Nataka nikueleze kama ilivyokuwa, usije ukasikia vingine.

Ilikuwa asubuhi, kwenye shamba moja karibu na mfereji. Chini ya nyumba kuna ghala la viazi, na ndani yake mlikuwa na majeruhi wawili, mmoja wetu na mmoja Mjerumani. Armand na mimi tulimtoa wetu kwanza. Armand akabaki juu kumtuliza, alikuwa analia, mimi nikarudi chini kuanza kumfunga yule Mjerumani mguu. Nilipofungua koti lake nikaona bastola kiunoni.

Sikuigusa. Nilisema moyoni, Armand anakuja sasa hivi ataitoa. Yule mtu akaanza kusali Baba Yetu, na alisali kwa lugha yetu, Baba. Si Kijerumani cha kanisani. Ile lahaja ya jikoni, ile ya Bibi. Nikamwambia kwa lugha hiyo hiyo, ndugu, itoe mwenyewe uiweke chini. Akasema ndiyo ndugu. Nikaridhika. Mtu anayesali kama Bibi, nilimwona kama wa kijijini kwetu, nikainama kuendelea na mguu.

Armand akashuka ngazi kwa haraka kama kawaida yake. Yule mtu aliona kivuli cha askari mlangoni akapiga. Mara moja tu. Risasi ilimpata Armand shingoni, akakaa kwenye ngazi, akafa hapo hapo.

Mjerumani akaanza kulia na kuniomba msamaha. Alinigeuzia mpini wa bastola nimpokonye. Nikaficha mikono nyuma. Hata hapo, Baba. Tulibaki hivyo, yeye kanyoosha, mimi nimeficha, mpaka wenzetu waliposikia wakaja kuichukua. Halafu nikamaliza kumfunga mguu, kwa sababu hata hilo nilifundishwa.

Ahadi yako nimeitimiza. Niambie nimefanya nini.

Mwanao,
Kornelius


Gnadenort
29 Oktoba 1944

Mwanangu,

Salamu za upendo. Sisi wazima, na viazi vimetoka vingi mwaka huu.

Barua yako imeniliza, na pole sana kwa rafiki yako. Lakini umeniuliza, nami nakujibu bila kuzunguka: umefanya vyema. Aliyeua ni aliyepiga. Wewe ulikuwa na nafasi ya kushika silaha ukaikataa mara mbili, ya pili ukiwa na uchungu wa kumtosha mtu yeyote kukosea. Niliisoma barua yako mbele ya ndugu wote. Watu walilia. Hata Jakob alitoa leso. Mzee Thiessen akasema, "Huyu ni wetu," na akaahidi jina lako litarudi kwenye orodha siku utakayoshuka kwenye treni. Kukaa kwako mezani hakuna anayekupinga tena.

Mama yako peke yake ndiye aliyenuna. Tulipofika nyumbani aliniuliza, "Kwa hiyo leo tumemshukuru Mungu kwa kifo cha mtoto wa mwenzangu?" Nikamwambia asiyapindue maneno. Mpaka leo chakula ananiwekea bila kusema karibu.

Nimeazimia kwenda ng'ambo ya mto kumpa pole yule mjane. Nitamweleza mwanawe alikufa karibu na mtu aliyeshika amri ya Mungu. Naamini itamfariji.

Kaa kwa amani, mikono yako ni safi.

Baba yako,
Abram


Gnadenort
26 Novemba 1944

Mwanangu Kornelius,

Salamu. Hujajibu, nami sikulaumu. Mama yako ni mzima. Mimi sijui.

Nilikwenda kwa mama yake Armand. Nilichukua paja la nguruwe la kukausha na mkate wa mama yako. Mwanamke mdogo wa umbo, kanikaribisha, kanipa chai, kaniuliza habari za barabara. Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga njia nzima. Akayasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, kwa upole tu kama anayeuliza bei ya mayai:

"Mwanao aliiona hiyo bastola?"

"Aliiona, mama."

"Kabla ya Armand kushuka?"

"Kabla."

"Kwa nini hakuitoa?"

"Mimi nilimkataza."

Akainamia kikombe chake. Nikamwambia kuhusu amri, na babu zetu, na zile nchi tatu. Akasema, "Hata sisi tunayo amri hiyo, mzee. Mwanangu aliijua. Alikuwa anashika bunduki za watu ili mwanao asizishike. Ninyi mmekaa safi kwa mikono yake." Kisha akanyanyuka akanipa paja langu na mkate wangu. Hakunifukuza. Alinisindikiza hadi kwenye gari la farasi na kuniambia niangalie barafu darajani.

Nilirudi nikitafuta jibu. Nimesoma Maandiko kwa miaka hamsini na sikupata moja la kumpelekea yule mama.

Jumapili iliyofuata ulikuwa mkutano wa amani kabla ya Meza. Unajua utaratibu wetu, shemasi husema wa kwanza, "Nina amani na Mungu na watu wote," ndipo wengine wafuate, na mmoja akishindwa, Meza haiandaliwi kwa yeyote. Nilisimama. Mzee Thiessen akanong'ona, "Sema Abram, watu wanasubiri." Nikasema, "Kuna mwanamke ng'ambo ya mto sina amani naye." Jakob akasema yule si mshirika wetu hivyo hahesabiwi. Nikamuuliza amri inasema usiue mshirika?

Watu mia mbili walirudi nyumbani bila Meza, na mikate aliyooka mama yako tunailia supu.

Sasa sikia, na hili naliandika kwa akili timamu. Ahadi uliyonipa nakurudishia. Ukiona silaha kwa mtu, itoe. Ishike kwa mikono miwili uipeleke mbali. Usipige mtu, hilo silifungui na sina uwezo wa kulifungua. Lakini kumpokonya mpokonye. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu. Nilikukosea, mwanangu. Nilidhani nakulinda wewe, kumbe nilikuwa nalinda jina letu.

Nijibu hata mstari mmoja.

Baba yako,
Abram


Ujerumani
4 Machi 1945

Baba,

Shikamoo. Natumaini kiuno cha Mama kimepata nafuu.

Barua yako ya Novemba nimeipata jana. Imechelewa kwa sababu imenitafuta kwenye kikosi changu cha zamani, na huko sipo. Nilihama Desemba.

Ile ya Oktoba niliisoma mara moja. Pale ulipoandika mikono yangu ni safi nikaikunja, na kesho yake nikaenda kwa kapteni nikamwomba bunduki. Alidhani natania, maana wote walikuwa wananiita mtakatifu. Nilimwambia utakatifu umeniisha. Sikuwa na hasira na Wajerumani, Baba. Nilitaka tu kitu ambacho hakuna mtu angekisoma kanisani watu wakatoa leso.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapekua nyumba za mashambani, mchana mweupe. Mtu akatoka zizini, mkono mmoja ndani ya koti. Wa umri wako, na koti lake refu kama lako la baridi. Wenzangu wakampigia kelele kwa Kiingereza asimame, hakuelewa. Akasema, "Ngoja kidogo, ngoja kidogo, naitoa." Alisema kwa lugha yetu. Kati ya watu wanane pale, mimi peke yangu ndiye niliyeelewa. Nilielewa vizuri sana, na nilimkumbuka yule wa kwenye ghala aliyesema ndiyo ndugu, na nikapiga.

Alikuwa anatoa leso nyeupe.

Wenzangu walinipigapiga bega. Sajini akasema yeyote angefanya vile. Pengine. Lakini wao hawakujua alichosema.

Barua moja imeniambia nisiguse, nyingine imeniambia mikono yangu ni safi. Sikukasirikii, zote uliziandika kwa kunipenda, najua. Ila nikizisoma pamoja naona kila moja ina mtu wake aliyekufa, na sidhani hii ya tatu, ya kugusa bila kupiga, itakuwa tofauti. Umesema dhambi iandikwe kwako. Hii haiandikiki kwako, Baba. Uliniambia nisipige.

Sitarudi Gnadenort. Msiniwekee nafasi mezani, na barua hii usiisome kwa watu. Mwambie Mama ninavyompenda. Kuhusu Mungu sina la kusema kwa sasa.

Kornelius


Gnadenort
3 Juni 1945

Mwanangu Kornelius,

Salamu nyingi sana. Tumesikia vita vimekwisha huko, tunamshukuru Mungu, na mama yako kiuno kimeachia kidogo. Wewe u hali gani? Sijui uko wapi, naandika kwa namba ya kikosi chako kipya. Hii ni barua yangu ya nne tangu Machi.

Barua yako sikuisoma kwa watu. Mama yako tu. Aliisikiliza amesimama, akaenda kupanda vitunguu, na jioni akaniambia, "Mwandikie arudi hivyo hivyo." Kwa hiyo nakuandikia urudi hivyo hivyo. Usipotaka kanisa, usiliguse. Nyumba ni yako.

Ushemasi nimeurudisha. Niliwaambia nilichokuandikia Novemba, wakaja wazee watatu nyumbani kunihoji, ili kabla ya Meza ya mwezi huu mambo yawe wazi. Mzee Thiessen aliniuliza kwa upole, kwa kweli hana ubaya. "Abram, kumwambia mwanao aguse bunduki, ilikuwa dhambi?" Nikasema sijui. Akauliza, "Na kumkataza?" Nikasema sijui. Jakob alikuwa amefura, akasema mtu mzima hawezi kutojua vyote viwili, lazima kimoja kiwe sawa. Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo, na anionyeshe ni kipi, nitaapa hapo hapo. Akafungua Biblia yake, akafunua kurasa, akafunua tena. Kisha akaifunga akaomba maji ya kunywa.

Wakasema nikae nje ya Meza mpaka nijue. Nikishajua, nirudi.

Walipoondoka nilikwenda kukamua ng'ombe. Mahindi yameota vizuri upande wa kaskazini, upande wa mto yamekufa maji. Posta hapa wanafungua Jumanne na Ijumaa, na siku zote mbili huwa nakwenda.

Baba yako,
Abram