KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KUHUSU CHUPA TATU ZA MAJI YA GATINI

Kamati ya Upimaji wa Maji ya Ghuba
Tarehe: Jumanne, 9 Juni
Mahali: Chumba cha maabara, juu ya ghala la barafu

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu (ambaye pia ndiye mteka maji), Mpima wa maabara, Nahodha wa boti ya kamati, Mfugaji wa chaza (mwakilishi wa wafugaji).
Hakuhudhuria: Mweka Hazina (anauguza, alitoa taarifa).

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Kikao kilianza saa 9:10 alasiri. Mwenyekiti alieleza kwamba Katibu ni mtoto wa dada yake na ni yeye aliyempendekeza, ila leo asichukuliwe kama mjomba wa mtu. Katibu aliomba kalamu ishikwe na mwingine kwa kuwa shauri linamhusu. Mwenyekiti alikataa. Alisema, "Utaandika mwenyewe. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwenu ndio sisi."

KUMB. NA. 2/6: TAARIFA YA MPIMA
Mpima alikumbusha kwamba kila Alhamisi maji hutekwa vituo vitatu: mdomoni mwa mto, katikati ya ghuba, na mlangoni mwa ghuba, inapokutana na bahari kuu. Maji huchujwa, na kijani kinachobaki kwenye karatasi huonyesha wingi wa vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo chakula cha chaza. Tangu mvua zianze, wiki kumi na moja, vituo vyote vitatu vimetoa kipimo kilekile. Alidhani mashine imeharibika, akaisafisha mara mbili. Kisha kwa hadubini aliona chembe za rangi ya bluu kwenye karatasi zote tatu za wiki ya sita. Wiki hiyo ndiyo gati lilipopakwa rangi ya bluu. Alisema, "Rangi haijui kuogelea mpaka mlangoni."

KUMB. NA. 3/6: MAELEZO YA NAHODHA NA KATIBU
Nahodha alieleza kwamba boti haijatoka wiki zote hizo. Alidhani kamati imepata boti nyingine, na hakuuliza kwa sababu "asiyeulizwa hajibu." Mwenyekiti alimwambia hiyo si methali.

Katibu alieleza kwamba mawimbi ya msimu wa mvua humtapisha. Safari ya mwisho alitapika mara tano, Nahodha akampa jina la "Chemchemi," na jina likafika sokoni kabla yake. Alhamisi iliyofuata alijaza chupa zote tatu kwenye ngazi za gati, akaziandika 1, 2 na 3. Alikusudia iwe mara moja tu. Nahodha aliomba neno "Chemchemi" lisiingie kwenye kumbukumbu. Limeingia.

KUMB. NA. 4/6: MADHARA
Mfugaji alieleza kwamba alihamishia mlangoni kamba themanini za chaza wachanga, kwa kuwa chati ya kamati ilionyesha kijani tele huko. Mpima alifafanua kwamba gatini maji ni ya kijani kwa sababu mtaro wa mji humwagikia hapo. Mfugaji alipasua chaza mmoja mezani. Nyama ilikuwa nyembamba kama ukucha. Theluthi mbili wamekufa kwa njaa.

Aliongeza kwamba kabla ya kuhama alimuuliza Katibu mara mbili, "Mwanangu, una hakika na huku mlangoni?" Akajibiwa, "Mama, namba hazidanganyi." Katibu alikiri kwamba aliulizwa, na alijibu hivyo.

KUMB. NA. 5/6: KUOMBA RADHI
Katibu alisoma: "Katibu anasikitishwa na upungufu uliojitokeza." Mfugaji aliuliza, "Huyo Katibu ni nani? Na huo upungufu ulijitokeza wenyewe, ukashuka ngazi na chupa mkononi?" Alitaka iandikwe "mimi." Mwenyekiti alieleza kwamba tangu kamati iundwe kumbukumbu zake hazijawahi kuwa na "mimi." Mfugaji alisema basi na chaza wake wafutwe humo. Mwenyekiti aliruhusu, kwa mara hii moja.

Mimi ndiye niliyejaza chupa tatu kwenye ngazi za gati. Mama, uliponiuliza nilijua ukweli nikakudanganya, kwa sababu niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa chaza wako kufa. Naona aibu. Naomba radhi.

Mfugaji aliomba asomewe tena. Alisomewa.

KUMB. NA. 6/6: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba vipimo vya wiki kumi na moja vifutwe, na mahali pake Mpima aandike "Haikupimwa." Katibu aliomba kujiuzulu. Mfugaji alipinga, akasema, "Ukimbilie wapi, na maji ya Alhamisi yatekwe na nani?" Aliomba awemo botini kushuhudia, ikakubaliwa. Nahodha alitahadharisha kwamba mlangoni bahari imechafuka kwa mawimbi.

Mfugaji alimwelekeza Katibu aje na ndoo mbili, moja ya kutekea na moja ya kutapikia. Alisema, "Nitakushika usianguke. Sijakusamehe. Nataka tu kujua mlangoni kuna nini."

Wajumbe walitawanyika saa 10:50 jioni.

Imeandikwa na mhusika mwenyewe, ikasomwa mbele ya wote.

............................
MWENYEKITI

............................
KATIBU