Kwa Shangazi, Diwani Aliyeacha Kushukuru

Shangazi yangu mpendwa,

Mbukwa. Nakuamkia kama ulivyopenda kuamkiwa, kwa Kigogo kwanza, halafu shikamoo, halafu ndipo habari nyingine. Tangu tukuzike kijijini, watu wananiuliza kwa nini sijaandika chochote juu yako, mimi mwalimu wa Kiswahili ninayewaandikia wenzangu risala za harusi na hotuba za kuwaaga wastaafu. Ukweli ni kwamba mengi yalishasemwa msibani. Walisema ulikuwa mama wa kata nzima, mcha Mungu, mpole. Mpole! Nilimtazama mtendaji wa kata, naye akainamisha kichwa akaanza kuangalia viatu vyake.

Leo nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita nilikwenda tena kwenye Baraza la Madiwani, nikakaa nyuma kama zamani, na nimerudi na jambo ambalo sina mwingine wa kumwambia.

Unakikumbuka kikao chako cha kwanza. Ulikuja kulala kwangu Chimwaga siku moja kabla, na kitenge kipya na mfuko wa karanga, ukaniomba nikusikilize ukisoma swali lako. Lilikuwa swali fupi. Wananchi wa kijiji chetu, huko njia ya Mtera, walikuwa wamefyatua matofali wenyewe na kupandisha kuta za zahanati. Serikali ikaezeka, ikapaka rangi, ikaleta hata kitanda cha kujifungulia. Kilichokosekana ni mtu. Hapakuwa na muuguzi mkunga, mlango ulikuwa na kufuli, na akina mama wenye uchungu walipakiwa kwenye bodaboda kwenda kituo cha afya cha tarafa jirani. Baadhi yao walijifungulia njiani. Mmoja ulimpokelea mtoto wewe mwenyewe, kando ya korongo, kwa kanga yako.

"Nataka kuwauliza lini," uliniambia. "Wakishasema lini, nimemaliza kazi."

Nilikwambia usisome haraka, na unapotaja halmashauri utulie, usiitamke kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Ulinicheka. Ulisema mimi nimezoea kufundisha watoto wanaoogopa fimbo.

Kesho yake nilikaa kwenye viti vya nyuma, vile vya wananchi. Nilipenda taratibu za pale, nakiri. Mwananchi anaruhusiwa kuingia, kukaa na kusikiliza. Haruhusiwi kusema wala kupiga makofi. Kwa mtu wa tabia yangu, asiyependa kuingia kwenye mambo, ni mahali pazuri sana. Ulisimama, ukasoma bila kukimbia, ukaketi. Akainuka mganga mkuu wa wilaya, kijana mwenye adabu na sauti ya redio, akasema halmashauri inatambua changamoto hiyo na kwamba muuguzi atapangwa mara tu watakapopatikana watumishi wapya.

"Mheshimiwa Diwani, una swali la nyongeza?" Mwenyekiti akauliza.

"Sina, Mheshimiwa Mwenyekiti. Naomba nishukuru. Na wananchi wangu wanashukuru sana."

Madiwani wakagonga meza. Nilijivuna kule nyuma kana kwamba mtoto wangu ndiye amefaulu mtihani.

Shangazi, wewe na mimi tumelelewa vilevile. Kwetu mtu akikuahidi mbuzi, unamshukuru palepale, mbuzi akiwa bado yuko malishoni. Hiyo shukrani ndiyo inayomfunga. Kila akikutana nawe kisimani au kanisani anajua kwamba umeshamshukuru, na aibu itamsukuma mpaka amlete huyo mbuzi. Ulimshukuru mganga mkuu kwa nia hiyo hiyo, ukarudi kijijini kumsubiri muuguzi.

Robo mwaka iliyofuata ulisimama tena na swali lile lile. Kijana akajibu kwa adabu ile ile.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, suala hili lilishajibiwa kwenye kikao kilichopita. Mheshimiwa Diwani mwenyewe aliridhika na jibu, na akashukuru."

Mwenyekiti akasema kanuni haziruhusu swali lililojibiwa kurudishwa mezani mapema hivyo. Madiwani wakacheka kidogo, si kwa ubaya, na kikao kikaendelea na ushuru wa minada. Mchana tulikula ugali wa mtama na mlenda kwa mama lishe nyuma ya ofisi zile, na ulikuwa umeshafika nusu ya sahani ndipo ukaongea.

"Kumbe hapa ukisema asante umeweka saini," ulisema. "Basi nimewasainia zahanati yenye kufuli."

Kuanzia siku hiyo uliacha kushukuru. Watu walidhani ni hasira zitakazopoa, lakini mimi nilikuwepo na nilijua kwamba umekata shauri. Wenzako wakisimama walianza kwa kumshukuru Mwenyekiti kwa nafasi, mkurugenzi kwa usikivu, wataalamu kwa uchapakazi, na mara nyingine muda uliisha kabla swali halijafika. Wewe ulisimama ukasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, swali." Yule diwani wa kata jirani, mzee wa suti ya kaki, akawa anakutania kila kikao.

"Huyu mama hata ukimwamkia hapokei salamu mpaka aletewe ushahidi."

"Ushahidi wenyewe huwa hauji," ulimjibu, "ndiyo maana naonekana sina adabu."

Swali lilipozuiwa mlangoni ulilipitishia dirishani. Kila diwani huwasilisha taarifa ya kata yake, na taarifa yako ilianza kwa sentensi moja kila mara: zahanati imefungwa. Ukaacha pia kuuliza "lini", maana kila "lini" ilijibiwa kwa "mara tu". Ukaanza kuuliza nani. Huyo muuguzi jina lake ni nani, sasa hivi yuko wapi, na anasubiri nini hasa? Mganga mkuu alizoea maswali ya tarehe, na majibu yake yalikuwa tayari mdomoni. Alipoulizwa jina alifungua faili, akalifunga, akaomba muda.

Ila nyumbani ulitutesa. Baba, kaka yako, alikuletea mbuzi wa Krismasi. Ulimzunguka yule mnyama mara moja, ukasema, "Nimemwona." Baba alirudi kwake amevimba, akiniambia kwamba siasa imemla mdogo wake heshima yote. Mimi nilikuletea blanketi zito kwa ajili ya baridi ya Julai. Ulilikunjua, ukalishika kati ya vidole, ukasema haya, ukalikunja. Niliumia, Shangazi. Niliendesha gari mpaka Chimwaga nikisema peke yangu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Nilipokuuliza baadaye ulinitazama kama mtu aliyechoka.

"Nikilizoea hilo neno huku nyumbani," ulisema, "ulimi utateleza kule. Wewe unajua ninakupenda. Wao hawajui kwamba siwapendi."

Tulicheka wote wawili, na jambo hilo hatukulizungumza tena. Blanketi ulilitumia mpaka mwisho.

Halafu muuguzi akaja. Sista Neema, binti wa Bukoba, alishuka kwenye gari la halmashauri na godoro, ndoo mbili na redio, akauliza choo kiko wapi. Kufuli likatolewa. Akina mama wakaacha kupanda bodaboda, na kliniki ya watoto ikawa inajaza kivuli chote cha jengo. Kwenye kikao kilichofuata mganga mkuu alisoma taarifa hiyo polepole, kwa raha, na ukumbi mzima ukageuka kukuangalia.

"Mheshimiwa," Mwenyekiti akasema huku akitabasamu, "leo je?"

Ulisimama, ukarekebisha kitenge.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, leo nashukuru."

Sijapata kusikia meza zikigongwa vile. Hata wahudumu waliokuwa wanapanga chupa za maji waliacha kazi. Wewe uliendelea kusimama tu mpaka kelele zikaisha.

"Swali la nyongeza. Binti huyu tumeletewa mmoja, naye ni wa umri wa kuolewa. Siku atakaposhikwa na uchungu yeye mwenyewe, nani atamzalisha?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Yule mzee wa suti ya kaki alifuta machozi kwa leso. Mganga mkuu naye alicheka, akasema swali la Mheshimiwa ni zuri na watalifanyia kazi. Ulikaa bila kucheka. Nilidhani umefanya mzaha mzuri wa kumalizia, nikakusifia njiani. Ulisema, "Mzaha gani?"

Hukufika kikao kilichofuata. Presha ilikuchukua haraka, na Sista Neema ndiye aliyekaa na wewe mpaka gari likapatikana. Siku ya mazishi nilifanya yaliyonipasa. Nilipokea wageni, nilihesabu viti, nilisimamia sufuria za wali, nikasoma wasifu wako bila kukwama. Watu walisema nina moyo mgumu. Labda. Nilikuwa naangalia shughuli kama mtu aliyekaa kwenye viti vya nyuma.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Sista Neema aliolewa na mwalimu wa shule yetu ya msingi, akapata mimba. Tumbo lilipokuwa kubwa alikwenda kwa mganga mkuu, akaomba mtu wa kumshikia zamu. Aliambiwa asubiri. Alisubiri mpaka miguu ikavimba, kisha akafunga mlango wa zahanati, akamkabidhi mwenyekiti wa kijiji ufunguo, akaja mjini kujifungulia hospitali. Chumba alichowazalishia wanawake wa kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kumzalisha yeye. Simlaumu hata kidogo. Akina mama wamerudi kwenye bodaboda.

Ndiyo maana nilikwenda barazani wiki iliyopita. Nilitaka kusikia watasemaje. Mganga mkuu alisoma orodha ya zahanati zote, na alipofika kwetu akasema, "Ina muuguzi mkunga mmoja, inatoa huduma." Sidhani kama alidanganya. Muuguzi tunaye, yuko kwenye hesabu zao, na yuko kwenye likizo yake ya halali. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza mganga mkuu kwamba sasa hivi muuguzi yuko wapi.

"Kuna swali la nyongeza?" Mwenyekiti akasema.

Kiti chako kilikuwa kitupu, na mtu alikuwa ameweka mkoba wake juu yake. Diwani mmoja alikuwa anatazama simu. Mzee wa suti ya kaki alifungua mdomo, akatazama upande wako, akaufunga. Mimi nilikuwa na swali lote kichwani, neno kwa neno, na sikuwa na haki ya kulisema.

"Kama hakuna, tuendelee."

Wakaendelea. Shangazi, hapo ndipo nilipolia. Si kaburini, si siku ya kuanua matanga. Nililia kwenye viti vya wananchi, watu wakizungumza habari za taa za barabarani, na askari wa mgambo akaniletea maji akidhani naumwa. Nilikukumbuka kwa uchungu kuliko nilivyowahi kumkumbuka mtu yeyote.

Jumamosi wakaja akina mama kutoka kijijini, wakiongozwa na Mama Chiku, jirani yako wa upande wa zizi. Alikuja na binti yake, Chiku mwenyewe, mwenye mimba ya miezi minane. Wanasema uchaguzi mdogo wa kuziba nafasi yako, uliokawia hivi, sasa utatangazwa, na wanataka nichukue fomu. Niliwaambia mimi si mtu wa siasa, nina shule, na mkuu wangu wa shule hatakubali nishike vyote viwili.

"Shangazi yako naye hakuwa mtu wa siasa," Mama Chiku alisema. "Alikuwa anauliza tu."

"Wapo wengine wanaoweza kuuliza, mama."

"Ulikuwepo wiki iliyopita. Wangapi waliuliza?"

Nilitafuta jibu kama lile la mganga mkuu, la heshima, lisilo na tarehe. Ninayajua mengi, nafundisha hata namna ya kuyaandika. Nilimwangalia Chiku, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka ameshika kiuno, na majibu yale yote yakanitoka kichwani. Nikawaambia nitachukua fomu. Ninaogopa, Shangazi, na mshahara wangu naupenda, lakini nimeshasema na sitabadilisha.

Wakainuka ili wawahi gari. Nikamwambia Chiku abaki. Maana uchaguzi, hata ukiitishwa kesho, una kampeni, una kuapishwa, una kusubiri robo mwaka ifike ndipo nisimame niseme "swali". Mtoto wake hatasubiri hayo yote. Hospitali iko karibu na kwangu kuliko kijijini, na gari langu ni bovu lakini linawaka.

Ninapokuandikia amejilaza chumba cha pili. Nimemwambia uchungu ukimshika asione haya, aniite kwa sauti yake yote.

Pumzika, Shangazi. Mimi bado nasikiliza.

Mtoto wa kaka yako,
Chimwaga, Dodoma