Zituni Ametawadha

Ghizlane mwanangu, nimetangulia darsani.

Kuku wa paka wetu Zituni yumo kwenye sufuria ndogo. Hiyo nyama iponde laini, ipashe moto kidogo, usitie chumvi. ~~Mkate mkavu mpe kidogo.~~ Mkate usimpe kabisa, fizi hazijapona tangu ang'olewe meno.

Mlinicheka, "Paka wa Mama anafunga Jumatatu na Alhamisi!" Nami nikamwona mcha Mungu. Kumbe maskini njaa alikuwa nayo, mdomo ndio uliomuuma.

Leo alfajiri nikitawadha, alilamba bakuli likang'aa, akakaa kando yangu akajisafisha miguu, uso, hadi nyuma ya masikio. Tangu augue hakujigusa. Nilicheka hata nikasahau nimefika wapi, nikaanza udhu upya.

Manyoya ya mgongoni yamefungana, mchane polepole. Na samaki wa mumeo wafunike vizuri: mwizi wetu amepona.

Mama mkwe wako