Hirvi Aliyeogelea hadi Kwa Kauko

Alhamisi, 7 Oktoba 2021

Zamu kivukoni hadi saa tisa. Magari kumi na moja siku nzima, na mawili kati ya hayo ni yale yale yaliyokwenda na kurudi. Joto la maji limeshuka hadi nyuzi tisa. Batamaji bado wako ghuba ya kusini, thelathini na kitu, na makinda yao ya kijivu. Hawana haraka.

Tarmo alipita na ramani ya msako wa hirvi, wale kulungu wakubwa wa misitu yetu. Mwaka wa nne huu yeye ndiye mkuu wetu wa uwindaji, na bado anagawa vituo kama mtu anayegawa mirathi. Jumamosi mimi niko Nivansalmi, pale ziwa linapobana. Nikamwambia pale ni karibu mno na Honkasaari. Akasema hirvi hawasomi ramani, Maire. Haya.

Honkasaari ni kisiwa cha Kauko, kaka yangu. Hataki bunduki za watu kwenye ardhi yake. Mimi hataki hata salamu yangu. Miaka tisa sasa.

Nimesafisha bunduki. Nimepiga shabaha kule kwenye machimbo ya kokoto: risasi tatu, zote zingefunikwa na kiganja. Niko tayari.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimeharibu.

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi kavu, upepo kidogo wa kusini. Kabla ya saa nne mbwa wa Tarmo aliwaamsha hirvi wawili, wakapita upande wa Reijo, mwindaji mwenzetu, hakuna aliyepata nafasi ya kupiga. Tukachoma soseji, tukanywa kahawa. Reijo akanitania: usisinzie kule, Maire, hirvi akitaka kuvuka atakudai kivuko! Tukacheka. Tukarudi vituoni.

Saa nane na dakika ishirini nilimsikia kabla sijamwona. Matawi yanavunjika. Kisha akatoka kwenye misonobari, dume, mrefu kuliko farasi, pembe pana kama makoleo. Hatua sitini. Ubavu wote wazi. Nilikuwa na muda — hilo ndilo linaloniuma, nilikuwa na muda! Akapiga hatua moja mbele kidole changu kikiwa tayari kinavuta. Risasi ikaingia nyuma mno. Nilijua kabla mlio haujaisha.

Hakuanguka. Mgongo ukapinda, akaingia majini. Nilimpata kwenye darubini, kichwa na pembe tu juu ya maji, nikashusha bunduki. Anayeogelea hapigwi. Ni sheria, na hata isingekuwa sheria nisingempiga. Mita mia nne, moja kwa moja hadi Honkasaari. Akatoka, akasimama kidogo, akajikung'uta. Akaingia msituni.

Pale aliposimama nilipompiga: damu nyeusi imechanganyika na majani yaliyosagwa. Tumbo. Hakuna ubishi.

Tarmo hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alimpigia Kauko simu mara tatu, hapokei. Akasema basi tuwaombe polisi watupe ruhusa, mnyama amejeruhiwa. Nikasema hapana, nakwenda mwenyewe. Akanikodolea macho. Wewe? Kwa Kauko? Ndiyo, mimi. Aliyempiga ni mimi.

Injini ya mashua iligoma mara mbili. Kauko alikuwa gatini kabla sijafika; mlio wa bunduki alikuwa ameusikia. Amezeeka. Nyonga ya kushoto inamkatalia. Nilimrushia kamba, akaiacha ianguke mbele ya miguu yake. Nikashuka nikaifunga mwenyewe.

"Nani kapiga?"

"Mimi."

"Imekaa wapi?"

"Tumboni."

"Aa, Maire! Baba angekunyang'anya hiyo bunduki."

"Angeninyang'anya. Lakini hirvi yuko kwako, Kauko, na anateseka."

Akatazama mbingu, si mimi. Akasema mwanga umebaki wa saa mbili. Tukimfuata sasa atainuka, atakimbia hadi ng'ambo, ataogelea tena, na giza litatukuta hatuna kitu. Aachwe alale, akakamae. Ni kweli, hata Tarmo anajua hivyo.

"Kesho kukipambazuka. Wewe peke yako. Huyo Tarmo na genge lake nisione hata kofia."

Nikamuuliza kuhusu mbwa, kwa kuwa wa Tarmo amekatika nyayo.

"Mbwa yupo. Jeppe ana miaka kumi na miwili, lakini pua yake haijastaafu. Siyo kama mimi na wewe."

Hayo ni maneno mengi kuliko ya miaka tisa yote.

Sijala. Kila nikifumba macho nauona ule mgongo unavyopinda.

Jumapili, 10 Oktoba, alasiri

Naandika jikoni kwa Kauko. Yeye yuko nje anapasua kuni, mwenye nyonga ile! Nilitaka kumsaidia, akasema kuni zake zinamjua.

Nilifika saa moja, mwanga wa kwanza. Jeppe alifungwa kamba ndefu, Kauko nyuma yake na fimbo, mimi nyuma yao na bunduki. Tulianzia pale alipotoka majini. Kauko alionyesha tu kwa fimbo: hapa kalala. Hapa tena. Hapa tena. Malalo matatu, kila moja na damu yake. Usiku mzima alikuwa akiinuka na kulala, akitafuta namna isiyouma. Sikutaka kuyatazama, nikajilazimisha.

Saa mbili na nusu Jeppe akasimama, akaanza kutetemeka miguu. Mbele kuna kinamasi, vichaka vimefungamana. Hirvi alikuwa amelala katikati, kichwa juu. Akatuona. Akainuka, miguu ya mbele kwanza, na kwa muda sikujua kama anataka kukimbia au kutujia. Kauko hawezi kukimbia. Nikainua bunduki.

"Ngoja," akasema, chini chini. "Asikuharakishe. Vuta pumzi. Ngoja ageuke."

Akageuka. Nikapiga. Akaanguka palepale kama mzigo ulioachiwa.

Kauko akamwendea kwa nyuma, akamgusa jicho kwa ncha ya fimbo. Halikupepesa.

"Basi," akasema. "Basi, mzee. Imekwisha."

Alimwambia hirvi, si mimi.

Tulimpasua hadi saa sita. Nyama ya nyuma imeharibika kwa uchafu wa tumbo, labda robo nzima ya kutupa. Ini na moyo ni salama. Nililia kidogo nikiwa nimeinama, mikono imezama ndani yake hadi viwikoni. Kauko akajifanya anamwita Jeppe, na Jeppe alikuwa amekaa mbele yake.

Halafu upepo. Kaskazini-magharibi, ghafla. Tulipofika gatini mawimbi yalikuwa meupe mpaka ng'ambo. Kwa mashua yangu ile, pamoja na nyama, ni kujizika. Hata bila nyama. Nilimpigia Tarmo, akasema usithubutu, nyama funika, wewe kaa hapo hapo. Nikampigia na mwenzangu wa kivukoni ashike zamu yangu ya kesho. Akauliza uko wapi? Kwa kaka yangu, nikasema. Akaniuliza tena uko wapi.

Kauko alikaanga ini na vitunguu, viazi pembeni. Anaweka chumvi nyingi, kama zamani. Tuliongea. Foleni ya upasuaji wa nyonga, miezi saba bado. Simbamangu aliyemaliza sungura wote upande wa mashariki. Nyavu, mwaka huu visamaki vidogo ni haba. Sauna ameiwasha, nitatangulia kuoga mimi, ndiyo heshima ya mgeni.

Mgeni! Nimezaliwa humu ndani.

La Mama hatukuligusa.

Jumatatu, 11 Oktoba

Upepo bado. Nililala chumba cha ghorofani. Asubuhi kahawa, mkate mkavu wa kuchovya. Jeppe anachechemea, jana amejichosha. Nilikuwa namkagua Jeppe kucha pale Kauko aliposema, mgongo wake ukiwa kwangu:

"Simu ilikuwa inafanya kazi."

Sikumuuliza simu ipi. Ni ile Aprili, 2012. Mama alifia kwangu, ng'ambo, jioni. Kauko alikuwa huku kisiwani na barafu imeanza kuoza, msimu ule ambao mashua haipiti na mguu hauaminiki. Nilimpigia simu baada ya Mama kukata roho. Siku ya mazishi alisimama upande wa pili wa kaburi. Baada ya hapo, kimya.

"Ilikuwa inafanya kazi," nikasema.

"Uliona anakwenda."

"Niliona."

"Sasa?"

Miaka tisa nimekuwa na jibu hilo mdomoni. Nilidhani nitazikwa nalo. Labda ni uchovu. Labda ni kwa sababu jana alisimama kando yangu kinamasini na hakunilaumu.

"Mama alinikataza."

Akageuka.

"Alisema, usimpigie Kauko. Ukimpigia atakuja kwa miguu. Barafu ya Aprili imeshanichukulia mume, mwanangu haimpati. Akaniapisha."

Baba alizama pale Nivansalmi mwaka sabini na nne, mwezi huo huo. Hilo halikuhitaji kusemwa humu ndani.

Kauko akaketi. Nikasema yaliyobaki haraka haraka: kwamba niliona heri anichukie mimi kuliko amkasirikie Mama kaburini. Kwamba kila mwaka nilisema mwaka huu namwambia. Alikuwa anavunja mkate ndani ya kikombe, vipande vipande, mpaka kahawa ikafurika mezani. Hakuifuta.

"Alisema saa ngapi?"

"Nini?"

"Hayo. Alikwambia saa ngapi? Asubuhi au jioni?"

Simu yake ikalia. Tarmo. Jumamosi hakuipokea hata mara moja, leo ameipokea. Humu ndani sauti inakatika, kwa hiyo ametoka nayo hadi gatini, bila koti. Ni habari ya upepo na mashua kubwa na safari ngapi za nyama. Namwona dirishani, anaonyesha ziwa kwa mkono kana kwamba Tarmo anamwona.

Najua kwa nini anauliza saa. Kila aliyekulia hapa anajua. Barafu ya Aprili jioni ni uji. Lakini usiku ukiwa na baridi kali, asubuhi inashika, na mpaka saa tatu hivi inambeba mtu mzima. Baba alivuka alasiri.

Usiku wa kuamkia siku ile ilikuwa nyuzi nane chini ya sifuri. Nakumbuka kwa sababu mlango wa gari uliganda, nikaumwagia maji ya moto ili nikachukue dawa.

Mama alisema saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikufa saa moja jioni. Katikati pale kuna siku nzima. Kauko alikuwa na miaka hamsini na sita, nyonga zake zote nzima. Angevuka kwa nusu saa.

Na mimi nilisimama dirishani asubuhi ile nikaitazama barafu. Nikaona inang'aa. Nikajua ni ngumu.

Naweza kusema jioni. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

Amemaliza na Tarmo. Anapanda kutoka gatini, polepole, mkono kwenye nyonga, Jeppe nyuma yake. Amesimama kupumzika. Anatazama dirisha hili. Sasa yuko kwenye ngazi, na ngazi ni nne tu.